Ushonaji wa Matabaka Pwani ya Mombasa na Ushahidi wa Maneno Yake

Shanzu ni kitongoji cha bara ya Mombasa upande wa kaskazini, baina ya Bamburi na hori ya Mtwapa, katika sehemu ya Kisauni. Wengi hukijua kwa hoteli zake za ufuoni, wengine kwa chuo chake cha ualimu. Ni wachache wanaokijua kwa sindano. Hata hivyo mahali hapa pamekutana mishono ya aina tatu ambayo historia yake bado haijaandikwa vya kutosha: mshono wa mwanamke wa Kimijikenda aliyejitengenezea hando, mshono wa Mswahili wa mjini aliyetia nakshi kofia na kuunga leso, na mshono wa karakana za mafunzo zinazouza kazi zao kwa wageni. Yote mitatu ina jambo moja la msingi. Nguo hukunjwa, huwekwa juu ya nguo, kisha tabaka moja hushikamanishwa na jingine kwa uzi na mkono mtupu.

Mtu akichukua kamusi na kuandika majina ya vitu vinavyoguswa na kazi hii, ataona kwamba mengi si ya Kibantu. Kofia ni neno la Kiarabu. Bitana, yaani nguo ya ndani inayoshonewa ile ya nje, ni la Kiarabu pia. Leso ni la Kireno, sawa na foronya ya mto. Pamba ni la Kiajemi, na bafta nalo ni la Kiajemi, maana yake kilichofumwa. Doti lilitoka Bara Hindi. Kwa orodha kama hii imekuwa rahisi kwa baadhi ya waandishi kuhitimisha kwamba ufundi wenyewe uliletwa na majahazi pamoja na bidhaa, na kwamba mtu wa pwani alikuwa mnunuzi na mwigaji tu. Hoja hiyo inafanana sana na ile iliyotumiwa zamani juu ya lugha yenyewe, kwamba Kiswahili ni mchanganyiko kwa kuwa kina maneno mengi ya kigeni. Waliobishana juu ya asili ya Kiswahili walikwisha kuijibu kwa kuonyesha sarufi. Kwa upande wa ushonaji jawabu bado halijatolewa, ingawa njia ni ile ile: kuacha majina na kutazama vitenzi.

Vitenzi vya mkono wa mshonaji ni hivi: kushona, kutunga, kufuma, kupinda, kukunja, kuunga, kushikiza, kubandika, kutoboa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kutafutiwa asili ng'ambo. Kitenzi kutunga kina historia inayostahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Katika Kiganda okutunga ni kushona nguo, na fundi wa nguo huitwa omutunzi. Katika Kizulu ukuthunga ni kushona vile vile. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu iliyotoka baina ya 1967 na 1971, alikiweka kitenzi hiki miongoni mwa vile vilivyoenea mno, chenye maana ya kupitisha uzi na kuunganisha. Kiswahili kimekihifadhi, lakini kimekihamisha. Mswahili hutunga shanga, hutunga samaki katika ugwe, hutunga mashairi, nguo huishona. Kushona nako si ugeni, kwani Washona wa Zimbabwe husema kusona kwa maana hiyo hiyo. Kwa hiyo Kiswahili kilirithi vitenzi viwili vya kazi moja na kuvigawia mipaka. Ni jambo la kufurahisha kwamba mtunzi wa Mombasa na mshonaji wa Kampala wanaitwa kwa jina moja, ingawa hakuna kati yao anayelifikiria.

Ushahidi wa kale zaidi kuhusu kushona katika pwani hii haumo katika nguo, bali katika vyombo. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplasi ya Bahari ya Eritrea, kinautaja mji wa biashara wa mwisho katika pwani hii kwa jina la Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mahali ulipokuwa mji huo bado pana ubishi. Lakini jina lenyewe ni tafsiri ya Kiyunani ya kitendo cha mwenyeji: mgeni alifika, akaona mbao zimeunganishwa kwa kamba badala ya misumari, akauita mji kwa mshono huo. Mtepe wa Wabajuni na wa visiwa vya Lamu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi, uliendelea kuundwa hata karne ya 20. Mshono wa mtepe si mshono wa kofia, na itakuwa kosa kuunganisha mambo haya mawili kana kwamba moja lilimzaa mwenzake. Linalothibitika ni dogo tu: hapakuwa na wakati unaojulikana katika historia ya pwani ambapo kushona lilikuwa jambo la kujifunza kwa mgeni.

Hali kadhalika kufuma. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alizisifu nguo za Mogadishu zilizokuwa zikipelekwa hadi Misri. Kilwa kumechimbuliwa vigurudumu vingi vya kusokotea uzi. Nguo za Pate zilijulikana kwa Wareno wa karne ya 16 na 17, na mafundi wake walikuwa wakifumua hariri ya kigeni ili nyuzi zake zifumwe upya katika nguo zao wenyewe. Huyu mtu anayefumua nguo ya mwenzake ili aifume atakavyo ni mfano mzuri wa uhusiano wa pwani na bidhaa za ng'ambo. Malighafi ni ya mgeni; nguo inayotoka si yake tena.

Ufumaji huo ulidhoofika nguo za viwandani zilipozidi. Baada ya mapatano ya biashara ya mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, nguo nzito ya pamba isiyotiwa dawa ya weupe iliingia kwa wingi hata ikaitwa kwa jina la nchi yake, marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilikata biashara hiyo kwa ghafula, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Jina la marekani lilibaki hata pale nguo ilipokuwa ya kutoka Bombay. Mwanaisimu anayetaka kujua nguo ilitoka wapi kwa kutazama jina lake angepotea hapo.

Bidhaa hizi zilipovuka kutoka kisiwani kwenda bara, kwa Wagiriama na Mijikenda wengine, ziligeuzwa kwa namna ambayo haikuwa na mfano Marekani wala Bara Hindi. Hando ni vazi la kiunoni la mwanamke, fupi, lililotengenezwa kwa nguo nyingi nyeupe, bafta au marekani, iliyokunjwa mikunjo myembamba iliyosongamana, tabaka juu ya tabaka, na kushikizwa kwa mshono kwenye mshipi wa kiunoni. Nguo ambayo mwenye duka aliipima kwa mikono, tena ikiwa ndefu, huishia katika kipande kifupi kisichofika mbali chini ya magoti. Mgeni aliyezoea kuona nguo nyingi zikifunika mwili mwingi hakuelewa. Katika hando wingi wa nguo hauendi kwa urefu. Huenda kwa unene, na ni unene huo unaolipa vazi mwendo wake mvaaji anapotembea au kucheza. Mikunjo ikilegea, hando hufumuliwa na kukunjwa tena. Vazi hili, kwa hiyo, halimaliziki kushonwa.

Hando lilipata maana ya kihistoria kupita ile ya vazi. Wagiriama walipokataa kodi na kazi za kulazimishwa mwaka 1913 na 1914, aliyewakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kwa kiapo alikuwa Mekatilili wa Menza, na kumbukumbu za leo humwonyesha akiwa na hando. Hata hivyo ni taabu kupata maandishi ya zamani yanayoeleza hando hushonwaje. W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa aliyekijua Kiswahili cha Mvita kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, alikusanya maneno ya kamusi kubwa iliyotoka London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kazi zote mbili ni hazina. Lakini waliokusanya walikuwa wanaume, na waliowaeleza maneno walikuwa kwa kawaida wanaume pia: walimu, wanazuoni, wazee wa kaya, vijana wa misheni. Kwa sababu hiyo sehemu za jahazi zimeorodheshwa moja moja hadi kamba ndogo, na sehemu za kanzu pia, vazi la mwanamume: badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu. Mkunjo wa hando na mshono wa kuushikiza haukupata mwandishi wa namna hiyo. Si kwamba maneno hayakuwapo. Kazi ya ustadi kiasi hicho haifundishwi na mama kwa binti bila maneno.

Upande wa mjini, leso nayo ilianza na mshono kabla ya kuanza na maandishi. Husimuliwa Zanzibar na Mombasa kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, wakachukua vipande sita, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga kwa sindano kuwa nguo moja pana. Neno la Kireno lililomaanisha kitambaa cha mkononi likapanuka pamoja na nguo. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo iliyochapwa nzima kwa mfano ule ule, na mshono wa kati ukatoweka. Kilichobaki ni pindo la kuizunguka na mji wa katikati. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887, ndiye anayetajwa sana katika habari za kutia maneno katika leso, na alama yake ya Mali ya Abdulla bado yaonekana. Kuhusu maneno ya leso wanaisimu wameandika mengi, na wataandika mengi zaidi. Kuhusu wale walioiunga kwa mkono hakuna jina hata moja. Hapo ndipo lugha inapotunza kile ambacho kumbukumbu za biashara zimekiacha: Mombasa bado husema leso kuliko kanga, na ndani ya neno hilo mna kile kitambaa kidogo ambacho mtu alikiunga na vingine.

Kofia ndiyo kazi ya matabaka iliyo bora zaidi pwani. Husemwa kwa kawaida kwamba kofia imedariziwa, lakini maelezo hayo hayatoshi. Kitambaa cheupe huwekwa maradufu, michoro huchorwa juu yake kwa kalamu, kisha matabaka mawili hushonwa pamoja kwa kufuata michoro, na uzi mnene hupitishwa baina yake ili mchoro uinuke. Mahali pengine hutobolewa na ukingo wa tundu kuzungushiwa uzi kwa mishono midogo iliyobanana. Tundu hilo huitwa kiua, yaani ua dogo, na kofia ikaitwa kofia ya viua. Yapo majina mengine, kama vito na bulibuli. Mzunguko wa kando na kifuniko cha juu hufanywa mbalimbali na kuungwa mwishoni, na kofia moja nzuri yaweza kumchukua mshonaji mwezi au zaidi. Lamu, Siyu, Unguja na Ngazija zimesifika kwa kazi hii. Katika sehemu nyingi wanaoshona ni wanawake wakiwa majumbani, wanaovaa ni wanaume, na wanaouza ni wafanyabiashara. Bei ya dukani na ujira wa mshonaji ni vitu viwili vinavyotofautiana sana.

Neno kofia lilitoka Uarabuni. Je, kofia yenyewe? Oman watu huvaa kofia ya duara iliyotobolewa viua na kushonwa kwa uzi wa rangi, nao huiita kumma. Inakubaliwa na Waomani wengi kwamba vazi hilo lilifika kwao kutoka Zanzibar, katika zama ambazo nchi hizo mbili zilikuwa chini ya ukoo mmoja wa masultani. Neno lilivuka bahari likija kusini, na kitu kikavuka bahari kikienda kaskazini, kila kimoja kwa wakati wake, wala havikuonana njiani. Mtu anayesoma historia ya ufundi kutokana na neno kofia peke yake atapata habari kinyume na ilivyokuwa.

Kuna mfano wa pili wa jambo hili, nao unaanzia jirani na Shanzu. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa huko Kisauni, kikaitwa Frere Town. Miongoni mwa waliokiongoza walikuwa Waafrika waliolelewa Bara Hindi, katika misheni ya karibu na Nasik, ambao Mombasa iliwaita Wabombay. Hao walirudi. Wengine wengi wa asili ya Afrika, waliopelekwa Bara Hindi kwa njia mbalimbali katika karne nyingi, hawakurudi, na wazao wao huitwa Wasiddi. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka hushona blanketi la matabaka liitwalo kawandi. Mshonaji huanza pembeni, hupachika vipande vya nguo kuukuu juu ya sari, na huzunguka kuelekea katikati kwa mishono mirefu ya kupitisha. Pembe nne humalizwa kwa vipande vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maua. Bila maua hayo kazi haihesabiwi kuwa imekamilika. Majina yote ni ya lugha za huko. Haifai kudai kwamba kawandi ni ufundi wa Kiafrika uliofichwa nyuma ya jina la Kihindi, kwani majirani zao pia hushona mablanketi ya namna hiyo. Wala kiua cha Lamu hakina udugu unaothibitika na phula ya Karnataka, ingawa mawazo ya washonaji yamekutana. Lakini kama mtu hawezi kuamua asili ya kawandi kwa jina lake, kwa haki gani ataamua asili ya kofia ya viua?

Itapingwa kwamba kipo kitenzi kimoja kikubwa cha kigeni, nacho ni kudarizi. Pingamizi hili ni la haki. Neno hilo lina uhusiano na lile la Kiajemi lenye maana ya mshono, ambalo ndilo lililowapa Wahindi jina la mshona nguo, darzi. Kwa hiyo si kitu tu kilichokopwa hapa, ni kitendo. Ila tabia ya kitenzi hiki katika sarufi yafaa ichunguzwe. Kushona kuna kinyume chake, kushonoa. Kufuma kuna kufumua. Kukunja kuna kukunjua. Mshonaji yeyote anajua kwamba nusu ya kazi ni kurudi nyuma. Kudarizi hakuna kinyume. Mtu aliyekosea darizi hawezi *kudarizua; huifumua. Kazi ya jina la kigeni hutenguliwa kwa kitenzi cha mwenyeji. Cherehani nayo, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiajemi la gurudumu, ilipofika haikuzaa kitenzi chake. Iliingia kwa msaada wa kupiga, kama zilivyoingia pasi, chapa na picha. Chombo kipya Mswahili hukipiga; mshono wake hubaki ule ule, na husema amepiga cherehani ili ashone.

Bombolulu, kusini ya Shanzu, kulianzishwa mwaka 1969 karakana za watu wenye ulemavu, ambazo kazi zake ni pamoja na mapambo na nguo. Shanzu penyewe pana karakana ya mafunzo ya wasichana wenye ulemavu, inayohusiana na chama cha Girl Guides cha Kenya, ambamo ushonaji ni mojawapo ya kazi. Katika kazi za namna hii, zinazolenga soko la wageni, leso na vitenge hukatwa vipande, hupangwa, hubandikwa na kushonwa kwa matabaka. Soko likizungumza Kiingereza, kazi hupewa majina ya Kiingereza, na mwanafunzi hujifunza mshono na jina geni kwa pamoja. Baada ya miaka 50 mtafiti atayakuta majina hayo na kuandika kwamba ufundi wa matabaka uliletwa Shanzu na watalii.

Watunga istilahi wameshughulikia sana fizikia na sheria, na kwa sababu njema. Ushonaji hawakuugusa sana, labda kwa kudhani kwamba mambo ya nyumbani yana maneno yake. Yanayo, lakini hayafanani. Kiraka kipo, nacho kimebeba ufukara: ni nguo ya aliyekosa nyingine, na hakuna fundi anayetaka kazi ya mwezi mzima iitwe viraka. Mfarishi limo katika kamusi za zamani kwa maana ya tandiko nene la kitandani lililoshonwa; ni neno zuri, nalo limekaribia kusahauliwa, ila linafaa kwa kitu cha kutandikwa, si kwa picha ya nguo inayotundikwa ukutani. Bitana ni tabaka la ndani peke yake. Nguo ya kuunga hueleza vipande bila kueleza unene. Huenda neno linalotakiwa liko Kaloleni au Ganze, kwa bibi aliyewahi kushona hando lake mwenyewe na anayejua tabaka la juu huitwaje, la kati huitwaje, na ule mshono unaoyashika yote. Vazi hilo leo huonekana zaidi katika ngoma na sherehe, na hando nyingi za ngoma hupigwa cherehani.